Je, Ni Haki Kwenda Kuwatazama Tembo?

Wazee wetu wametuachia mithali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake twaijua sote. Mgeni ajapo, kuku huchinjwa, chakula kizuri hupikwa, na wenye nyumba nao hula pamoja naye. Basi kuja kwake ni heri kwa pande zote mbili. Lakini ndani ya mithali hii mna swali ambalo si desturi yetu kuliuliza, nalo ni hili: Kama mgeni aja, naye mwenyeji haponi, bali azidi kuumia kwa ajili ya kuja kule, je, mgeni huyo ana hatia? Na kama hakujua, je, kutojua kwake kwamwondolea hatia?

Twaliandika swali hili kwa habari ya tembo. Siku hizi watu wengi husafiri mbali kwenda kuwaona. Wako waendao nchi ya Thailand, ambayo zamani iliitwa Siam. Na hata kutoka kwetu Afrika ya Mashariki wako wafanya biashara waendao Bangkok kuuza mawe ya thamani au kununua nguo, nao kabla ya kurudi hutaka siku moja ya kujifurahisha. Wako pia wanafunzi na vijana waendao Nairobi kuwatazama ndama wa tembo walio yatima. Wote hawa hutoa fedha. Basi fedha ile hufanya kazi gani baada ya mgeni kuondoka? Twawaomba wasomaji wetu wafikiri pamoja nasi kwa utaratibu, wala wasiseme upesi, "Hilo ni neno la wanyama tu."

Kwanza yatupasa kujua mambo yalivyo. Katika Thailand tembo amekuwa mtumishi wa watu tangu karne nyingi. Alikwenda vitani, alibeba wafalme, tena alivuta magogo ya misaji milimani, mahali pasipopita gari. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1939 yamhesabu tembo afugwaye pamoja na farasi, ng'ombe na punda, kuwa mnyama wa kazi. Mwishoni mwa mwaka 1988 mvua kubwa ilileta mafuriko upande wa kusini. Magogo na matope yakaporomoka juu ya vijiji, na watu wengi wakafa. Kwa sababu hiyo serikali ilikataza mwaka 1989 kukata miti katika misitu ya asili. Neno lile lilikuwa jema kwa misitu, lakini tembo wengi na watunzaji wao walikosa kazi mara moja. Tembo mmoja mzima hula kama kilo 150 za majani kwa siku, naye aweza kuishi miaka 60. Mtu maskini atamlishaje? Wengine waliwaongoza tembo wao katika njia za miji, hata Bangkok, wakiwauzia wapita njia ndizi na miwa ya kuwalisha. Wengi waliingia katika kazi ya watalii: kubeba wageni mgongoni, kucheza mpira, kushika brashi kwa mkonga na kuchora picha.

Lakini tembo hazaliwi akiwa tayari kumtii mwanadamu. Kwa desturi ya kale ndama hutengwa na mama yake, hutiwa katika kizimba chembamba cha magogo, hufungwa kamba miguuni, hunyimwa chakula na usingizi, hupigwa na kuchomwa, hata moyo wake uvunjike. Wathai huliita jambo hili phajaan. Baadaye fimbo yenye kulabu ya chuma humkumbusha siku zote yale aliyofundishwa. Hatusemi kwamba kila mtunzaji ni mkatili. Wako wawapendao tembo wao kama jamaa ya nyumbani, na kulia wafapo. Lakini utii wa tembo abebaye wageni kutwa nzima mara nyingi umenunuliwa kwa maumivu kama hayo. Mgeni akaaye juu ya kiti cha mbao aona mnyama mpole, mwenye macho ya upole, naye afurahi. Upole ameuona, bei yake hakuiona. Mwaka 2017 shirika la World Animal Protection lilieleza habari za tembo karibu 3,000 waliotazamwa katika vituo vya watalii vya Asia, nao walio wengi ni wa Thailand. Ilionekana ya kuwa zaidi ya watatu katika kila wanne waliishi katika hali mbaya, wakifungwa kwa mnyororo mfupi wakati wasipobeba watu.

Sisi watu wa pwani na bara hii hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo kama kwamba ni geni kwetu. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani na wapagazi toka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, kisha zikavushwa kwenda Unguja, na toka huko zikaenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Connecticut uko mji mdogo uitwao Ivoryton, na jina lake lenyewe latokana na pembe, kwa maana huko zilikatwa ziwe vibao vyeupe vya vinanda. Watu waliovipiga vinanda vile walikuwa, wengi wao, watu wapole. Hawakumwua tembo hata mmoja. Hawakumwona mpagazi aliyeanguka njiani, wala mtumwa aliyefungwa kongwa. Walisikia sauti nzuri tu. Lakini kama wao na wenzao wasingalinunua, misafara ile ingalikwenda kutafuta nini? Basi twajifunza ya kuwa umbali huficha damu, lakini hauifuti. Na sisi tunaoishi leo tumeona tena: katika Tanzania hesabu ya tembo ilikuwa kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 ilikuwa kama 43,000 tu. Majangili walipiga risasi, ni kweli. Lakini mnunuzi wa mbali ndiye aliyewalipa.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: mgeni hushiriki katika kazi ile aitoleayo fedha. Kutojua kwaweza kumpunguzia lawama yule asiyeweza kujua. Lakini yule awezaye kuuliza, naye aogopa kuuliza asije akapotewa na furaha yake, huyo amekwisha kuchagua.

Labda mtu atasema, "Mimi siendi mahali pa kupanda tembo. Naenda mahali paitwapo kimbilio, ambapo tembo wamepona na mateso." Neno hilo ni jema, na makimbilio ya kweli yako. Karibu na mji wa Chiang Mai, katika bonde la Mae Taeng, mama mmoja Mthai, Saengduean Chailert, ambaye watu humwita Lek, amekusanya tembo wazee, vipofu na vilema waliotoka katika kazi ya magogo na ya watalii, wapate kuishi bila mzigo. Huko wageni huja kutazama na kusaidia. Lakini jina "kimbilio" ni rahisi kuandikwa juu ya ubao. Mwenye kituo aonapo ya kuwa wageni wa siku hizi hawataki tena kupanda, aweza kuondoa kiti mgongoni na kuwaalika wageni waoge na tembo mtoni, kundi baada ya kundi, tangu asubuhi hata jioni. Mgeni adhani ameona uhuru, kumbe tembo apenda kuoga atakapo yeye, wala si mara tano kwa siku kwa saa zilizowekwa. Na ili akubali kusimama kimya katikati ya wageni wasiomjua, lazima awe mtu karibu mwenye kulabu, ijapokuwa imefichwa. Tena jambo hili lina hatari kwa mgeni mwenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 2025 msichana mmoja kutoka Hispania aliuawa na tembo alipokuwa akimwogesha katika kituo kimoja cha kisiwani huko Thailand.

Tutapambanuaje basi? Twaona alama moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote: mahali pale pana neno la kumkataza mgeni au hapana? Mahali ambapo mgeni aambiwa, "Simama hapa, usisogee, usishike, na kama tembo wakipenda kukaa msituni leo, hutawaona," hapo mwenyeji ni tembo. Mahali ambapo mgeni hupata kila atakalo, hapo mwenyeji ni fedha, na tembo ni chakula cha mezani.

Kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano wa kutufundisha. Mwaka 1977 alikufa David Sheldrick, aliyekuwa mlinzi mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mkewe, Daphne, alianzisha mwaka ule ule kazi ya kumkumbuka, nayo yaendelea hata baada ya kufa kwake yeye mwaka 2018. Kwa miaka mingi Daphne alitafuta maziwa yatakayomfaa ndama wa tembo, kwa maana maziwa ya ng'ombe yaliwaua. Mwisho aliona ya kuwa mafuta ya nazi ndiyo yaliyoweza kukaa mahali pa mafuta ya maziwa ya mama. Katika nyumba ya yatima iliyo ndani ya hifadhi ya Nairobi, watunzaji huwanywesha ndama kila saa tatu, mchana na usiku, na usiku hulala nao katika vibanda, kwa kuwa ndama aliyeachwa peke yake hufa kwa huzuni hata akiwa ameshiba. Wageni huruhusiwa saa moja tu kila siku, kuanzia saa tano hata saa sita mchana, nao husimama nyuma ya kamba. Saa nyingine zote ni za ndama. Wakuapo hupelekwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, na huko polepole, kwa miaka mingi, hujiunga na tembo wa porini. Zaidi ya 300 wamelelewa hivyo, na baadhi ya majike wamerudi wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, wakawaonyesha watunzaji wao wa zamani.

Tazameni basi: kazi hii hupimwa kwa wale waondokao. Mgeni hufurahi kwa kuwaona ndama, lakini watunzaji hufurahi siku watakapokuwa hawaonekani tena. Huo ndio upendo usiomfunga apendwaye. Nasi wazazi na waalimu twaujua ugumu wake, kwa kuwa mtoto naye hulelewa apate kuondoka.

Sasa kuna maneno matatu ambayo watu wenye akili huyatoa kushindana nasi, wala haifai kuyapita.

Neno la kwanza: "Kama mambo ni mashaka hivi, heri mtu asiende po pote." Lakini mwaka 2020 ulitujibu. Ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, watalii walikoma kabisa katika Thailand. Je, tembo walifunguliwa? La. Vituo havikuwa na fedha ya chakula. Tembo zaidi ya 100 katika jimbo la Chiang Mai walirudishwa kwa miguu mwendo wa siku nyingi hata vijiji vya watunzaji wao, ili angalau wapate majani. Watunzaji nao walikosa ujira. Tembo aliyezoea minyororo miaka 40 hawezi kupelekwa tu msituni, na misitu yenyewe imepungua. Kwa hiyo mtu akaaye nyumbani hana sababu ya kujiona mwenye haki kuliko wengine. Hakuongeza mateso, lakini hakumlisha mtu wala mnyama. Fedha za mgeni zahitajiwa. Shauri ni zitakwenda upande gani.

Neno la pili: "Watoto wa watu wana njaa, nanyi mwasema habari za maziwa ya tembo." Neno hili ni zito, nasi hatulijibu kwa mzaha. Ni kweli kwamba shilingi moja haiwezi kutumika mahali pawili. Lakini angalieni ni nani asemwaye hapa. Ni mtu aliyekwisha kuazimu kutumia fedha zake kwa kujifurahisha. Dai la mtoto mwenye njaa ni juu ya starehe zote, ikiwa ni safari, au nguo ya pili, au karamu ya arusi. Halikuwekwa juu ya tembo peke yake. Mtu akiisha kulijibu dai lile kwa moyo mnyofu, tena ikiwa bado ataka kusafiri, hapo ndipo swali letu laanza. Zaidi ya hayo, wako wanadamu katika jambo hili wasioonekana na mgeni. Mkulima aliye mpakani mwa hifadhi huamka asubuhi akaona mahindi yake yamekanyagwa usiku mmoja, kazi ya mwaka mzima. Yeye ndiye alipaye gharama ya tembo kuwako, na mgeni ndiye apataye furaha. Hiyo si haki. Kwa hiyo mahali pema ni pale ambapo majirani nao hupona. Huko Samburu, katika Kenya ya kaskazini, wenyeji walifungua mwaka 2016 kimbilio liitwalo Reteti, lililo mali yao wenyewe. Watunzaji ni Wasamburu wa pale pale, na maziwa ya mbuzi hununuliwa kwa akina mama wa vijiji. Na karibu na Tsavo Mashariki watu wametundika mizinga ya nyuki kwa kamba kuzunguka mashamba, kwa maana tembo, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki. Mkulima akavuna mahindi na asali pia. Mgeni asiyeuliza habari za majirani hao ameona nusu ya jambo.

Neno la tatu: "Mwanadamu amepewa mamlaka juu ya wanyama. Mbona twafunga ng'ombe nira wala hatulii?" Twakubali mamlaka hayo, lakini mamlaka siyo ruhusa ya kufanya lo lote. Baba ana mamlaka nyumbani, na kwa sababu hiyo hiyo ataulizwa habari za nyumba yake. Tena ng'ombe amelelewa pamoja na watu kwa vizazi maelfu, hata tabia yake imekuwa ya kufugwa. Tembo sivyo, hata leo yeye azaliwaye kifungoni ana tabia ya mwitu, hutaka kutembea mbali, kuwa na mama na dada na shangazi, kuchagua atakayesimama naye. Kumvunja moyo siyo kumfuga. Lakini neno hili la tatu lina ukweli ambao haufai kutupwa: linaturudisha nyumbani. Kama akataaye kumpanda tembo huko Chiang Mai ampita punda sokoni kwake, mwenye vidonda mgongoni chini ya madumu ya maji, naye hasemi neno, basi huruma yake ni vazi la safari tu, livuliwalo mlangoni.

Twadhani shina la shauri hili lote ni tamaa ya mkono. Macho yakiona kitu kizuri, mkono hutaka kushika. Na baada ya kushika hutaka picha, ili wengine waone ya kuwa tulishika. Tamaa hiyo si ukatili. Hutoka katika kupenda. Lakini ni kupenda kusikojua bado ya kuwa yule apendwaye ana maisha yake mwenyewe, yasiyo kwa ajili yetu. Mgeni mwema hangoji kufukuzwa chumbani mwa mwenyeji. Hajitii humo tangu mwanzo. Kumwona tembo kwa mbali, akila majani na wenzake, asijue hata kidogo kwamba tuko, labda ni furaha ndogo kuliko kumkumbatia. Lakini furaha hii hakuna aliyeilipia kwa machozi.

Basi kwa yeye aliye na safari mbele yake, twamwachia maulizo machache ayapeleke kabla ya kutoa fedha. Je, wageni hupanda tembo, au huoga nao, au hutazama michezo yao? Kama ndivyo, asiende. Je, tembo huweza kuondoka mbele ya wageni watakapo? Je, usiku hulala wapi, na kwa mnyororo wa urefu gani? Je, ndama walioko walitoka wapi: waliokolewa, au walizalishwa ili wageni wavutwe? Je, watunzaji hulipwa ujira wa kutosha nyumba zao, na je, majirani wapata nini? Mwenye kimbilio la kweli hataudhika kwa maulizo haya, kwa kuwa yeye mwenyewe ameyafikiri usiku mwingi. Mwenye kuudhika amekwisha kujibu.

Nao wasio na safari yo yote, yaani walio wengi kati yetu, wasidhani kwamba hawana neno la kufanya. Punda yupo sokoni. Mbwa yupo uani, na kamba yake fupi. Na kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wetu atanunua kitu kilichotengenezwa na mikono asiyoiona. Aulize kilitoka wapi, na ni nani aliyeumia ili kiwe rahisi hivi.